Nimepata PR ya Kanada, naenda peke yangu: nitue mji gani?

Mwana_Tudor (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum na habari za jioni wana jukwaa.

Karatasi zangu za makazi ya kudumu ya Kanada zimetoka, alhamdulillahi. Nimepita njia ya Express Entry ya serikali kuu, hakuna mkoa ulioniteua, kwa hiyo hakuna anayenilazimisha kukaa popote. Na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ningeambiwa "wewe ni wa Winnipeg" ningefunga virago nikaenda Winnipeg. Sasa nimeachiwa nchi nzima nichague mwenyewe, ramani nimeitazama hadi macho yanauma.

Nina miaka 31, sina mume, sina mtoto, sina ndugu wala rafiki wa kweli huko. Kazi yangu ni klaringi na fowadingi, yaani kutoa mizigo ya watu forodhani na kuisafirisha, hapa Mombasa, tangu enzi za mfumo wa forodha wa Simba mpaka huu wa iCMS. Gari naendesha. Kiingereza hakinisumbui, Kifaransa ni bonjour tu. Pesa ninayo ile wanayotaka uonyeshe, ambayo kwa mtu mmoja inazunguka dola 15,000 za Kanada, na kidogo juu yake. Ikiisha hakuna wa kunitumia nyingine. Mimi ndiye huwa natuma.

Nimebaki na miji minne. Halifax, kwa sababu ni mji wa bandari na naona nitajihisi nyumbani. Vancouver, kwa sababu bandari yake ndiyo kubwa kuliko zote Kanada, tena baridi yake si ya kuua. Toronto, kwa sababu kila ninayemuuliza husema Toronto. Calgary, kwa sababu kila mwenye chaneli ya YouTube amehamia Calgary.

Mamangu kwake hesabu ni fupi: palipo na Waswahili. Amesema hata kama ni barafu tupu, bora pawe na mtu wa kuniosha nikifa.

Walioko huko, nisaidieni. Sitaki kuambiwa mji upi ni mzuri. Nataka mniambie nyinyi mlichagua kwa kuangalia nini.

Kaskazi86

Toronto. Watu wote wako Toronto. Uzi ufungwe.

Kijana_Likoni

Hongera dadangu. Mimi sina la kuchangia, nimekaa pembeni na njugu zangu nasoma.

Baharia_Mstaafu

Mwanangu, bandari zote mbili hizo nimeziingia na meli, Halifax na Vancouver. Nikwambie jambo moja. Bahari ya kule siyo hii. Halifax mwezi wa pili upepo watoka baharini wakupiga usoni mpaka machozi yatoka, na mtu haendi kukaa pwani kupunga hewa kama twendavyo Mama Ngina jioni na mihogo ya kukaanga. Vancouver kweli haina baridi kali, lakini mvua yaanza mwezi wa kumi yakaa mpaka watu wasahau rangi ya mbingu. Ukichagua mji kwa kuwa una bahari, utakuwa umechagua picha.

Kazi utafute wewe, mimi kazi ya nchi kavu siijui.

Mkazi_Mississauga

Dada Mwana_Tudor, wa aleikum salaam. Niko huku miaka kadhaa, na kazi yangu ni jirani na yako, kwa hiyo nitaandika kirefu. Atakayechoka apite.

Kwanza ondoa Halifax, na nitakwambia kwa lugha ya kazi yetu. Unakumbuka serikali ilipoamuru makontena ya Nairobi yapande SGR yakakaguliwe Embakasi? Meli zilikuwa zinatia nanga palepale Kilindini, winchi zinafanya kazi vilevile, lakini ofisi za klaringi za Mombasa zikafungwa moja baada ya nyingine na watu wakaandamana barabarani mwaka 2019. Mpaka Septemba 2022, Ruto alipoapishwa, ndipo amri ile ikaondolewa. Somo la pale wewe unalijua kuliko mimi: kazi ya karatasi haifuati meli, inafuata mahali mzigo unapotolewa na mahali mwenye mzigo alipo.

Kanada ndivyo ilivyo kila siku. Kontena linashuka Halifax au Vancouver, linapandishwa treni, linakuja bara. Brampton kuna yadi kubwa ya reli ya CN, Vaughan kuna ya reli ya CPKC, kusini mwa zote mbili kuna uwanja wa ndege wa Pearson, na pembeni mwa hapo maghala na ofisi za fowadingi zimepangana barabara baada ya barabara. Embakasi ya Kanada ni huku. Halifax utaliona kontena, lakini entri yake, yaani karatasi za forodha, huenda anaifanya mtu aliyekaa Mississauga na kikombe cha kahawa.

Na habari njema ambayo hakuna wa YouTube atakayekwambia. Forodha ya Kanada, CBSA, ilianza mfumo mpya uitwao CARM tarehe 21 Oktoba 2024. Mawakala wenyewe wazoefu walilazimika kujifunza upya. Mgeni hajaachwa mbali kama angeachwa zamani. Usomee CARM sasa hivi ukiwa Tudor, maelezo yapo bure kwenye tovuti yao. Namba za HS za kuainisha bidhaa forodhani unazijua tayari: zile tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile dunia nzima, sisi Afrika Mashariki tunafika 8, wao wanafika 10. Ukilisema hilo kwenye usaili kwa utulivu, mtu atakusikiliza. Leseni ya uwakala wa forodha ina mtihani wake unaosimamiwa na CBSA, lakini huihitaji kuajiriwa na kampuni yenye leseni. Anza kama karani wa entri, mtihani utakuja baadaye. Chama cha mafowada, CIFFA, nacho kina kozi za cheti ambazo waajiri wa huku wanazitambua.

Sasa mji. Usiseme "Toronto" kama vile ni kitu kimoja. Kodi za nyumba za katikati ya Toronto zitakumaliza. Mtu wa kazi yako akae Mississauga, Brampton, au Etobicoke upande wa magharibi. Tangu Februari 2024 ukitoka basi la Mississauga au Brampton ukaingia la TTC, la jiji la Toronto, hulipi mara ya pili, kwa hiyo huna haja ya kung'ang'ania anwani ya mjini.

Mwisho, na hili ndilo ningelisema hata kama ningekuwa na sentensi moja tu: wewe unachagua mji wa kutua. Mji wa kuishi ni swali lingine, na hilo huwezi kulijibu ukiwa Mombasa. Mwenye PR ana haki kikatiba kuhama mkoa wowote. Usiiogope hii hatua ya kwanza kana kwamba unaolewa.

Kijana_Likoni

"Kana kwamba unaolewa" 😂 siku hizi hata ndoa watu wanahama mkoa.

Mkaa_Edmonton

Bwana Mississauga amesema vizuri ila ametetea kwake. Na mimi nitatetea kwangu, ndiyo raha ya uzi.

Dada ana dola 15,000 na kidogo. Swali la kwanza kwa mtu aliye peke yake ni hizo pesa zitampeleka miezi mingapi kabla hajapata mshahara. Kwa chumba kimoja na jiko, Edmonton nafuu iko wazi ukilinganisha na eneo la Toronto. Calgary ilikuwa hivyo zamani, siku hizi imepanda maana hao wenye chaneli wamewavuta wenzao. Alberta, mkoa wa miji hii miwili, kodi ya mauzo ni asilimia 5 ya serikali kuu peke yake, mkoa hauongezi kitu. Ontario, mkoa wa Toronto, ni 13. Vyakula vya msingi havitozwi popote, lakini koti, buti, simu, godoro, sufuria, vyote vitu vya mwezi wa kwanza, vinatozwa.

Maghala yapo huku pia. Kaskazini mwa Calgary, Balzac, ni maghala kila upande.

Ubaya nao niuseme nisije nikaitwa dalali. Alberta hakuna kikomo cha mwenye nyumba kupandisha kodi, isipokuwa hawezi kupandisha zaidi ya mara moja kwa mwaka. Bila gari utateseka. Na gari lenyewe usiku wa baridi kali unalichomeka umeme, si kwa sababu ni la betri, ni injini isigande. Siku zinazoshuka kupita nyuzi 30 chini ya sifuri zipo.

Kuhusu wasiwasi wa mama: msikiti wa Al Rashid wa hapa Edmonton ulifunguliwa mwaka 1938, ndio wa kwanza Kanada nzima. Mwambie wa kukuosha yupo tangu kabla yeye hajazaliwa.

Kijana_Likoni

Swali la dini kidogo. Huko Edmonton mnafunga saa ngapi mpaka saa ngapi?

Mkaa_Edmonton

Inategemea mwaka. Miaka hii Ramadhani imeangukia majira ya baridi, kwa hiyo mnatuonea wivu nyinyi. Ilipokuwa mwezi wa sita jua lilikuwa linazama saa nne usiku na dakika, futari na daku vikagusana. Disemba ni kinyume chake, Maghrib inaingia saa kumi na robo jioni, wakati ambao kwenu watu wanaswali Alasiri na kuteremka kwenye viazi karai.

Chumvi_Kali

Mnanichekesha. Mtu ana kazi bandarini, ana kwao, ana mamake, anaacha vyote akapakie maboksi ghalani Brampton na digrii yake. Dubai iko masaa matano hapo, hakuna barafu, hakuna kodi ya mshahara. Hii Kanada imekuwa ugonjwa.

Mwana_Tudor

Chumvi_Kali, Dubai nilikwenda kuuliza. Ukiachishwa kazi viza inaanza kuhesabu siku na hata ukae miaka thelathini unabaki mgeni. Kanada siku 1,095 ndani ya miaka mitano nina haki ya kuomba uraia. Hapo ndipo tunapotofautiana, basi, tusigombane.

Kuhusu mamangu ninaye moyoni kuliko unavyodhani.

Chumvi_Kali

Haya. Nimekuelewa hapo pa viza. Kwenye maboksi bado sijakuelewa.

MlaSamaki

Nimechelewa, nimekuta Halifax ishazikwa. Naishi hapa, niiombee dua kidogo.

Halifax ina vituo viwili vya makontena na maji ya kina kirefu, lakini kaka wa Mississauga hakukosea. Kazi za gatini ni za chama cha wafanyakazi, zina foleni na wenyewe. Kazi za ofisini za fowadingi zipo, chache. Ukizipoteza hakuna pa kuvuka barabara ukaombe kwingine, na hilo kwa mtu peke yake ni zito kuliko baridi. Kodi ya mauzo ilikuwa asilimia 15, Aprili 2025 ikashuka kuwa 14, bado iko juu. Daktari wa familia unaandikisha jina kwenye orodha ya mkoa na unangoja.

Uzuri wake ni kwamba mji mdogo watu wanakujua. Wiki ya kwanza jirani alinigongea akaniletea koleo la theluji bila kuombwa. Sijui kama Brampton wanagongana milango.

Kuna jengo bandarini linaitwa Pier 21, sasa ni makumbusho ya uhamiaji. Kati ya 1928 na 1971 karibu wahamiaji milioni moja walishukia pale. Na ukisoma habari zao utaona wengi hawakukaa Halifax hata usiku mmoja, treni ilikuwa inawangoja nyuma ya jengo kuwapeleka Montréal, Toronto na magharibi. Kwa hiyo hata wao walitua pamoja na makontena wakaondoka pamoja na makontena.

Mkazi_Mississauga

Hiyo ya treni nyuma ya jengo imenifurahisha. Na jibu la swali lako: hapana, hatugongani milango.

NesiMtarajiwa

Samahani kuingilia. Je, kwa muuguzi ushauri ni huohuo, nitue popote halafu nihame?

Mama_Wawili

Hapana mdogo wangu. Wewe leseni yako ni ya mkoa. Ontario wana bodi yao, Manitoba yao, Alberta yao, na masharti hayafanani. Muuguzi huchagua mkoa kwanza, anaanza karatasi za leseni akiwa Kenya, halafu ndipo anaangalia mji. Ukihama katikati unaweza kujikuta unaanza foleni nyingine. Mwana_Tudor ana bahati kazi yake haina mlango wa namna hiyo. Fungua uzi wako, nitakuja.

Pwani_Moja

Na mimi nina langu. Nimeteuliwa na Saskatchewan, nikapata zile pointi 600 za kuongezea kwenye Express Entry. Kwa nilivyosoma hapa nina haki ya kuhama popote, si ndiyo? Nishukie tu Toronto kwa binamu?

Mama_Wawili

Ndugu yangu, polepole. Mkoa ulikupa uteuzi kwa sababu ulisema unakusudia kuishi kule. Haki ya kuhama ipo, lakini ukionekana hukuwa na nia hiyo tangu mwanzo, huo unaitwa udanganyifu katika maombi, na adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano. Nenda Saskatchewan, tafuta kazi kwa dhati, weka ushahidi wa barua za kuomba kazi na mkataba wa nyumba. Maisha yakikusukuma kwingine baadaye, una la kuonyesha. Usichanganye kesi yako na ya dada huyu.

Sasa nirudi kwa Mwana_Tudor, maana wanaume wamemaliza kuhesabu kodi na makontena na hakuna aliyesema unakwenda kulala wapi.

Mimi niliwahi kukaa Doha kabla ya Winnipeg. Ghuba ukifika unapokewa, hata kama ni kupokewa vibaya: kuna mwajiri, kuna kitanda, kuna wenzako kumi chumbani. Kanada hupokewi na mtu. Unatoka uwanjani na masanduku yako na nchi inaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo mji wa kutua mwanamke peke yake upimwe kwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye orodha za "miji bora".

Fungua ramani, chukua mtaa unaoufikiria, halafu angalia ratiba ya basi la Jumapili saa nne usiku. Si Jumatatu asubuhi, maana Jumatatu asubuhi kila mji una mabasi. Ukiona basi linapita mara moja kwa saa, jione umesimama kituoni mwezi wa kwanza umebeba mfuko wa unga. Halafu angalia kutoka kituoni mpaka mlangoni ni mwendo gani na kuna taa au hakuna. Angalia duka la chakula la kwenda kwa miguu. Angalia msikiti una sehemu ya wanawake ya maana au ni stoo yenye zulia. Piga simu uulize, wanajibu. Mitaa miwili ya mji mmoja inaweza kutofautiana hapo kuliko Halifax na Calgary.

Chumba. Usilipe hata senti moja kwa chumba ambacho hukukiona kwa macho yako. Matapeli wanawavizia watu walio bado kwao. Panga pa muda wiki mbili tatu za kwanza, ukiwa hapo ndipo utembee kutazama. Ukienda Ontario, mwenye nyumba kisheria anaweza kudai kodi ya mwezi wa kwanza na amana isiyozidi mwezi mmoja kwa ajili ya mwezi wa mwisho. Akidai miezi sita kwa sababu huna rekodi ya mkopo, jua anadai asichoruhusiwa. Na hili wengi hawalijui: ukipanga chumba ambacho unashirikiana jiko au choo na mwenye nyumba mwenyewe, sheria ya wapangaji ya Ontario haikulindi. Anaweza kukuondoa haraka sana. Ukishirikiana na wapangaji wenzako hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo ukienda kutazama, kabla hujauliza kodi, uliza jiko ni la nani.

Upweke utakuja, usidanganywe. Kwa wengi hauji wiki ya kwanza, wiki ya kwanza unapiga picha. Unakuja Novemba, saa zikishabadilishwa, ukitoka kazini giza. Ukiweza kuchagua, tua mwezi wa nne au wa tano, mwili ujifunze mji kabla ya giza.

Kaskazi86

Huyu mama apewe uzi wake.

Mwana_Tudor

Mama_Wawili, Mungu akulipe. Nimesoma mara nyingi na mamangu nimemsomea. Amesema "huyo ana mamake, yuaonekana."

Nimefanya mlichosema. Nimeingia Job Bank, ile tovuti ya kazi ya serikali, nikaandika kazi yangu mji kwa mji. Halifax matangazo nayahesabu kwa vidole. Vancouver yapo, lakini nikilinganisha mshahara na kodi ya chumba sielewi watu wanaishi vipi, tena bima ya afya ya mkoa unangoja mwezi unaofikia uishe na miwili mingine juu yake, wakati Ontario walishaondoa subira ya miezi mitatu mwaka 2020. Calgary na Edmonton yapo kiasi. Mississauga na Brampton nimechoka kusogeza ukurasa. Mengi yanaitaja CARM kwa jina. Montréal niliifikiria kidogo kwa sababu ya bandari, nikakumbuka Express Entry ni ya wanaokusudia kuishi nje ya Québec, na bonjour yangu ni ileile.

Swali moja dogo ambalo naona haya kuliuliza. Simu za nyumbani. Mamangu hulala saa tatu, akishaswali Isha na kula hana habari tena. Mnampata mzazi saa ngapi?

Mkaa_Edmonton

Si dogo hata. Jioni sahau, ukitoka kazini saa kumi na moja huku kwao ni saa tisa usiku. Mimi hupiga asubuhi. Saa moja asubuhi Edmonton, wakati wa baridi, Mombasa ni saa kumi na moja jioni. Mama ametulia, kazi zimekwisha, ana chai mkononi. Hapo nawapiga bao watu wa Toronto.

Mkazi_Mississauga

Toronto saa moja asubuhi ni saa tisa alasiri Mombasa, kiangazi saa nane mchana. Mama yangu huwa amejinyoosha usingizi wa mchana na hapokei. Kwa hili Edmonton nampa.

MlaSamaki

Halifax saa moja asubuhi ni saa nane mchana, kiangazi saa saba. Mbaazi bado ziko mezani.

Mwana_Tudor

Basi nimeamua. Natua upande wa Mississauga na Brampton, na Edmonton naiweka ya pili. Nimejiwekea hivi: nikifika mwezi wa tano, mpaka majani yanapoanguka niwe nimeingia ofisi yoyote ya fowadingi, hata kwa mshahara wa chini, hata kwa mkataba wa miezi mitatu. Kama bado niko ghalani na akiba imefika nusu, nahama Alberta bila kuona haya. Ghala sitalikataa, Chumvi_Kali asome hapo, lakini sitalizoea.

Kuna la kuangalia nikihama katikati ya mwaka?

Mkazi_Mississauga

Kodi ya mapato ya mkoa inahesabiwa kwa mkoa uliokuwa unaishi tarehe 31 Disemba, mwaka mzima. Kwa hiyo ukihama, tazama kalenda. Kadi ya bima ya afya unabadilisha. Leseni ya udereva nayo, na kwa hiyo kabla hujatoka Mombasa chukua NTSA, wale wa leseni za udereva Kenya, barua inayothibitisha umeendesha miaka mingapi. Bila barua wanaweza kukuchukulia kama umeanza kuendesha jana. Brampton bima ya gari inajulikana kwa ughali, usinunue gari kwa pupa.

Kadi ya PR inatumwa kwa posta kwenye anwani ya Kanada, na unatakiwa uwe umetoa anwani ndani ya siku 180. Usitoe ya hoteli kama unahama wiki ijayo.

Mama_Wawili

Na uwanja wa ndege. Ukiwa na taslimu au hundi zinazofika dola 10,000 za Kanada unatangaza. Kutangaza hakukatwi kitu, kunyamaza ndiko kunakoleta shida.

Tena andika orodha mbili kabla ya safari: vitu unavyoingia navyo, na vitu vitakavyofuata baadaye. Wewe ni mtu wa klaringi, hili sikufundishi. Ila kina dada wa kwetu husahau dhahabu. Kama una vitu vya arusi ya bibi umeviacha kwa mama, viandike kwenye orodha ya vitakavyofuata siku hiyohiyo unayotua, na picha zake na karatasi ya thamani. Usipoviandika, siku atakapokuletea mtu wanaweza kukutoza ushuru.

Mwana_Tudor

Miaka yote nawaandikia watu orodha za mizigo, yangu mwenyewe sikuifikiria. Ni bangili na kipuli cha nyanya, viko kabatini kwa mama. Kesho napeleka kwa sonara Mji wa Kale avipime aniandikie karatasi ya Kiingereza.

Mama_Wawili

Mwambie aandike na uzito.